Eti mwili ni ganda tu? Walichoamini Wakristo wa karne ya 5 mpaka ya 10

Dada aliyeandika ameuliza hivi, nafupisha: kwenye msiba wa mama yake mkubwa mchungaji alisema marehemu hayupo pale kwenye jeneza, mwili ni ganda tu, roho ndiyo mtu mwenyewe, na Wakristo tangu enzi na enzi ndivyo walivyoamini. Wakati wa chakula kaka yake akadai kwamba Wakristo wa zile karne za baada ya Roma kuanguka walikuwa wanauchukia mwili kabisa, wanauona ni jela ya roho, ndo maana walikuwa wanajichapa mijeledi. Dada anataka kujua nani yuko sahihi, na mwishoni kaongeza swali la kuchoma maiti kwa sababu kuna ndugu yao yuko Ujerumani kaacha wosia achomwe na familia imegawanyika.

Asante dada, swali zuri. Jibu fupi ni kwamba mchungaji na kaka yako wote wamesogea karibu na waliotengwa na kanisa kuliko wale waliobaki ndani. Jibu refu ndo hili, vuta kiti maana mimi nikianza hizi habari sinyamazi haraka.

Tuanze na mijeledi tuimalize. Kujichapa mwenyewe kama ibada ni mambo ya karne ya 11, mpigadebe wake mkubwa ni Petro Damiani, mmonaki wa Italia aliyefariki 1072, na yale maandamano ya watu kujichapa barabarani yalianzia Perugia mwaka 1260. Kaka yako kachanganya karne, si yeye peke yake, sinema nazo zinachangia. Kabla ya hapo viboko vilikuwepo monasterini ila ni adhabu, unachapwa na mwenzio kwa kosa ulilofanya, tena makosa mengine ya kuchekesha, kwenye kanuni za Columbanus (yule Mwairishi aliyefariki 615) ukikohoa ukaharibu mwanzo wa zaburi unakula viboko sita. Sasa nisimwonee kaka, watu wa kuutesa mwili walikuwepo kweli. Simeoni wa Siria alikaa juu ya nguzo miaka na miaka mpaka akafia huko huko mwaka 459, na Radegund, malkia aliyekimbia ndoa akawa mtawa Poitiers, akafariki 587, aliyeandika maisha yake anasema alijichoma mwili kwa chuma cha moto. Hao wapo. Ishu ni kwamba ukiwauliza kwa nini wanafanya vile, jibu lao siyo "kwa sababu mwili ni mbaya."

Kwa sababu huo mstari wa mwili kuwa jela una wenyewe. Walioushikilia kwa dhati ni Wamanikeo, wafuasi wa Mani wa Uajemi, kwao mwili ni kazi ya giza na roho ni kipande cha mwanga kilichonaswa humo. Augustino, ambaye ni mtu wa kwetu Afrika maana kazaliwa Thagaste mwaka 354 na uaskofu kaufanyia Hippo, mji unaoitwa Annaba leo hii huko Algeria, alikaa nao kama miaka tisa kabla hajabatizwa, kwa hiyo alipowageuka alikuwa anawajua nje ndani. Halafu kukawa na wafuasi wa Priscillian kule Hispania, huyo Priscillian aliuawa Trier kwenye miaka ya 380, ila watu wake waliendelea kimya kimya karne mbili mbele. Mwaka 561 maaskofu wakakutana Braga, Ureno ya sasa, wakapitisha tamko: anayesema roho zilitenda dhambi mbinguni ndipo zikatupwa ndani ya miili, alaaniwe, anayesema mwili wa binadamu umefinyangwa na shetani, alaaniwe. Wakashuka mpaka jikoni kabisa, wakasema padri asiyekula nyama ni hiari yake, lakini lazima ale walau mboga zilizopikwa pamoja na nyama, akikataa hata hizo basi tunamshuku. Yaani walikuwa wanakupima imani kwa sufuria! Kufunga sawa, ila ukifunga kwa sababu unaiona nyama ni najisi umeshavuka mpaka.

Kwa hiyo hapo kaka yako kakaa vibaya. Sasa twende kwa mchungaji na ganda lake.

Augustino analo jibu ambalo nalipenda kuliko mengine yote. Aliandika kwamba kama baba akifa watoto wanaitunza nguo yake au pete yake kwa mapenzi, basi mwili si wa kudharau hata kidogo, maana mwili tunauvaa kwa ukaribu zaidi ya nguo yoyote, si pambo wala msaada wa kubandikwa kutoka nje, ni sehemu ya huyo mtu. Ila angalia hapo hapo anasema pia kwamba mazishi yanawafariji walio hai kuliko yanavyomsaidia aliyekufa, na hakuna shahidi wa imani aliyepungukiwa chochote kwa kukosa kaburi. Hayo mawili anayashika yote kwa mkono mmoja na haoni tabu.

Kilichomfanya aongee hivyo ni ufufuo. Hapa ndo kwenye mzizi dada, ukiusahau ufufuo wa mwili hutawaelewa hawa watu kabisa. Wao hawakutegemea roho ielee mbinguni milele basi imeisha. Walitegemea siku moja huu mwili, huu huu, unyanyuke. Na wasomi wa kipagani walikuwa wanawacheka kwa maswali ya kukera, sasa Augustino kwenye kile kitabu chake kikubwa cha Mji wa Mungu, alichokimaliza kama 426, anayajibu moja moja bila aibu. Kucha na nywele zote ulizokata maishani zitarudi? Anasema mali ghafi itarudi ila si lazima irudi kwenye kucha, usije ukafufuka na kucha za mita kumi. Wanene na wembamba? Wasiwe na wasiwasi, watafufuka kwa umbo wanalolitamani. Wanawake watageuzwa wanaume? Walikuwepo waliosema hivyo, yeye akakataa, mwanamke atafufuka mwanamke kwa sababu kuwa mwanamke si kasoro. Majeraha ya mashahidi? Labda alama zitabaki, lakini kama heshima. Na lile gumu kuliko yote: mtu kaliwa na mtu mwingine wakati wa njaa, ile nyama ni ya nani siku ya mwisho? Jibu: inarudi kwa mwenyewe wa kwanza, huyu wa pili alikuwa kaikopa tu.

Unaweza kucheka, mimi mwenyewe nacheka, lakini mtu anayeamini mwili ni ganda la kutupa hawezi kupoteza usiku mzima akihesabu kucha.

Na hili halikuwa jambo la vitabuni tu, watu waligombana kabisa. Kuna kisa kimoja Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kwenye miaka ya 580 hivi. Patriarki, yaani askofu mkuu wa pale, alikuwa anaitwa Eutychius, mzee anayeheshimika, akaandika kitabu kwamba mwili wa ufufuo hautashikika, utakuwa mwepesi kuliko upepo na hewa. Wakati huo Roma ilikuwa na mjumbe wake mjini pale, shemasi anaitwa Gregori, ambaye baadaye ndiye Papa Gregori Mkuu, basi Gregori akamvaa mzee. Akamwambia, Bwana baada ya kufufuka aliwaambia wanafunzi nishikeni mwone, roho haina nyama na mifupa kama mnavyoniona mimi ninavyo. Eutychius akajibu kwamba hiyo ilikuwa ya kuwaondolea shaka tu, baada ya kushikwa ule mwili ukageuka kuwa mwepesi. Gregori akasema hilo haliwezekani, utamwondoleaje mtu shaka kwa kitu ambacho kesho hakipo. Mzee akatoa andiko lake, Paulo anasema nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Gregori naye akarudi na maelezo kwamba "nyama" kwenye Maandiko wakati mwingine ni mwili wenyewe na wakati mwingine ni dhambi. Wakafika pabaya, hawasalimiani, mpaka kaisari Tiberio akawaita faraghani akawasikiliza, akaamua kile kitabu kichomwe. Baada ya hapo wote wawili wakaugua vibaya. Gregori akapona, mzee hakupona, alifariki 582. Rafiki zake Gregori waliokwenda kumjulia hali wakarudi na habari kwamba Eutychius kitandani alikuwa anaishika ngozi ya mkono wake mbele ya macho yao anasema: nakiri kwamba sote tutafufuka katika nyama hii.

Aliyetuachia kisa ni Gregori mwenyewe kwa hiyo anajisifu kidogo humo, tusijifanye hatuoni, ila ile ngozi ya mzee iliyovutwa kwa vidole inakuonyesha walikuwa wanabishania nini. Na miaka kama minane baadaye kule Gaul, yaani Ufaransa ya leo, askofu Gregory wa Tours (mwingine huyo, majina yanachanganya) anasimulia padri wake mmoja kabisa aliyesema wazi haamini ufufuo, "wewe ni mavumbi na mavumbini utarudi" si ndivyo Mungu alivyosema, mifupa iliyosagwa na upepo umepeperusha inarudije? Wakabishana mpaka padri akakubali, au ndivyo askofu anavyosema. Kwa hiyo hata ile picha kwamba zama zile kila mtu aliamini kama kondoo, hapana, shaka zilikuwepo madhabahuni kabisa.

Sasa roho yenyewe ni kitu gani? Hapa hawakukubaliana kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Tertullian wa Kartago, karne ya 3 mwanzoni, alisema roho ni kitu chenye mwili wake, na akaleta ushuhuda wa dada mmoja wa kanisani kwao aliyeona maono ya roho: laini, inang'aa, rangi ya hewa, na umbo lote la mtu. Kwenye karne ya 5 kusini mwa Gaul askofu Faustus wa Riez bado anafundisha kwamba asiye na mwili ni Mungu peke yake, vingine vyote hata roho na malaika vina aina fulani ya mwili, mwembamba lakini mwili, kwa sababu viko mahali fulani na haviko mahali pengine. Padri mmoja wa Vienne, Claudianus Mamertus, akamjibu kwa vitabu vitatu kwenye miaka ya 460 na kitu, kwamba roho haina urefu wala upana. Upande wa Claudianus, ambao ndio wa Augustino, ulishinda kwa wasomi. Kwa watu wa kawaida, na hata kwa wasomi wenyewe wakianza kusimulia stori, ule wa Tertullian haukufa kamwe.

Angalia Papa Gregori tena. Kwenye kitabu chake cha Majadiliano, kama mwaka 593, shemasi wake Petro anauliza maswali ambayo wewe na mimi tungeuliza. Petro anasema nilikuwepo ndugu mmoja akifa, alikuwa anaongea, ghafla pumzi ikakata, mbona sikuona kitu kikitoka? Gregori anamjibu kwani alipokuwa mzima uliiona roho yake, uliijua kwa mwili unavyotembea tu. Halafu Petro anabana zaidi, kama roho haina mwili, moto wa jehanamu unaichomaje? Na Gregori anatoa jibu ambalo lilinukuliwa karne nyingi: kama roho isiyo na mwili inaweza kushikiliwa ndani ya mwili mtu akiwa hai, kwa nini baada ya kifo isishikiliwe na moto? Si jibu kamili kifalsafa, lakini linakwambia kitu, kwamba kwake maajabu si roho kuwa motoni, maajabu ni roho kuwa ndani yako sasa hivi.

Na hapo ndo napenda kumleta Fursey. Mwairishi, alikuwa Uingereza mashariki kwenye miaka ya 630, Bede, mmonaki wa Uingereza, anaisimulia habari yake kwenye historia yake ya 731. Fursey aliugua, roho ikatoka, malaika wakampitisha katikati ya mioto. Njiani pepo wakamnyakua mtu mmoja aliyekuwa anaungua wakamtupia Fursey, akamgonga begani na kwenye taya, na Fursey akamtambua: ni mtu ambaye alipokufa yeye Fursey alipokea nguo yake. Malaika akamwambia ulichokiwasha ndicho kilichokuunguza, usingepokea mali ya huyu aliyefia dhambini adhabu yake isingekugusa. Roho ikarudishwa mwilini, Fursey akaamka, na lile kovu la moto likabaki begani na kwenye taya maisha yake yote, linaonekana na kila mtu. Bede mwenyewe anashangaa, kile ambacho roho ilikipata sirini nyama ikakionyesha hadharani. Halafu anaongeza kwamba mzee mmoja wa monasteri yake alikuwa na habari kutoka kwa mtu mkweli aliyemsikia Fursey kwa masikio yake, ilikuwa kipindi cha baridi kali na barafu, Fursey kavaa nguo nyepesi tu, na alipokuwa anasimulia jasho likamtoka kama yuko kwenye joto la kiangazi.

Sasa niambie, hiyo ni roho iliyokaa ndani ya ganda? Roho inaungua, mwili unapata kovu, kumbukumbu inarudi na mwili unatoa jasho. Ni kama nguo mbili zilizofuliwa beseni moja, rangi ishaingiliana. Bede huyo huyo ana Drythelm, mtu mwenye familia yake kule Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, alikufa jioni, alfajiri akakaa kitako waombolezaji wakatimka mbio, akabaki mke wake tu anatetemeka. Aliona bonde, upande mmoja moto upande mwingine mvua ya mawe na theluji, roho zinaruka huku na huku hazipati nafuu. Baadaye akawa mmonaki Melrose, na alikuwa anaingia mtoni wakati wa baridi anasimama na zaburi zake vipande vya barafu vinaelea pembeni yake, watu wakimwambia ndugu Drythelm unawezaje kuvumilia baridi hii, anajibu kwa ufupi: nimeona baridi kuliko hii. Huyo ndiye mtu ambaye kaka yako angesema anauchukia mwili wake. Mimi namsoma tofauti, alikuwa anauonya mwili ambao anajua atakuwa nao tena, na kwamba watapata malipo pamoja. Abate mmoja wa Sinai karne ya 7, Yohane wa Ngazi, analalamika karibu kama mpenzi aliyechoka: nimfunge vipi huyu mwili ambaye ni rafiki yangu na adui yangu, msaidizi wangu na mpinzani wangu, nikimpiga sina wa kufanya naye kazi, nikimdekeza ananiua.

Kati ya kifo na ufufuo roho inafanya nini? Hilo nalo lina kambi zake. Wakristo wa Kisiria upande wa Uajemi walisema roho inalala. Aphrahat, karne ya 4, anaeleza kwamba mwema ni mtumishi aliyelala akijua asubuhi bwana wake atampa zawadi, analala usingizi mtamu, na mwovu ni mtumishi aliyelala akijua asubuhi kuna fimbo. Pale Konstantinopoli mwisho wa karne ya 6 Eustratius, mwanafunzi wa yule yule Eutychius wa ngozi ya mkono, aliandika kupinga waliosema roho bila mwili haiwezi kufanya kazi yoyote, maana ikiwa hivyo watakatifu wanaotokea kwenye ndoto za wagonjwa ni nani? Na Hispania, Julian askofu wa Toledo, kwenye 688 na 689, akakusanya kitabu kizima cha maswali ya aina hii baada ya mazungumzo na rafiki yake askofu wa Barcelona. Humo ananukuu kauli ya Augustino ambayo ningemwandikia mchungaji wako kwenye karatasi: hata roho ya mwema iliyoko kwa Mungu sasa haijamwona Mungu kikamilifu wanavyomwona malaika, na sababu mojawapo huenda ni kwamba ndani yake ipo hamu ya asili ya kuuhudumia mwili, hiyo hamu inaivuta nyuma, haitatulia mpaka ipewe mwili wake. Yaani roho iko mbinguni na bado imemiss mwili! Ganda gani hilo linalokumbukwa mbinguni.

Masalia ya watakatifu, yaani miili na mifupa yao iliyotunzwa kwa heshima, ndo hapo yanapopata maana. Cuthbert alifariki 687, akazikwa Lindisfarne, baada ya miaka kumi na moja wamonaki wakafukua wakitegemea mifupa mikavu waiweke mahali pa juu zaidi, wakakuta mwili mzima, viungo vinakunjika, kama mtu kalala. Hofu ikawashika. Kwao hiyo ilikuwa sampuli ya ufufuo iliyotangulia. Ila napo kulikuwa na mipaka, Konstantina, mke wa kaisari, alimwandikia Papa Gregori mwaka 594 akiomba kichwa cha mtume Paulo, Gregori akakataa katakata, Roma hatugusi wala hatukati miili ya watakatifu, tunaweka kitambaa kwenye kisanduku karibu na kaburi na hicho ndicho tunatuma. Baadaye Ulaya nzima ilikata na kugawana mifupa kama nyama ya sikukuu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kitu ambacho kaka yako angeweza kunibana nacho ni mwili wa mwanamke, na hapo kweli hawakuwa na kauli moja. Kwenye majibu ya Papa Gregori kwa Augustino wa Canterbury mwaka 601 (siyo yule wa Hippo) swali ni kama mwanamke aliye kwenye siku zake aingie kanisani. Jibu: asizuiwe, hiyo ni asili yake siyo kosa, na kama yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu aligusa vazi la Bwana akasifiwa, huyu azuiwe kwa nini. Akitaka kupokea komunyo apokee, akijizuia mwenyewe kwa heshima asifiwe. Haijapita karne, kwenye mwongozo wa toba unaobeba jina la Theodore, askofu mkuu wa pale pale Canterbury, mwanamke huyo huyo akiingia kanisani anafunga wiki tatu. Mji mmoja, kiti kimoja, majibu mawili.

Mashairi nayo yana lao. Kuna shairi la Kiingereza cha kale, lipo kwenye miswada miwili ya karne ya 10, roho ya mtu mwovu inarudi kaburini kila baada ya siku saba kwa miaka mia tatu kuutukana mwili wake. Ulikula ukashiba divai mimi nikiwa na kiu ya mwili wa Mungu, inasema. Mwili haujibu, na mshairi anatuonyesha kwa nini: kichwa kimepasuka, ulimi umeraruka vipande kumi, funza wanaingia, na kiongozi wa hao funza kapewa hadi jina, Gifer, yaani mlafi, taya zake kali kuliko sindano. Inatisha kusoma usiku. Watu wengi wanaishia hapo wanasema mnaona, wanauchukia mwili. Lakini mswada mmoja, ule uliohifadhiwa Vercelli Italia, una nusu ya pili, roho njema inarudi kwa mwili wake nao unaoza vile vile, na inauambia rafiki yangu mpenzi, natamani ningekuchukua twende wote, usihuzunike, ulijinyima ndo maana mimi nimeshiba, tutakutana tena. Mwili unaoza sawa sawa kwa wote wawili, funza hawabagui, tofauti ni salamu tu. Na jambo la kuangalia ni nani analaumiwa: mtu anatenda dhambi kwa uamuzi, na uamuzi kwa mafundisho ya hawa hawa ni kazi ya roho, kwa hiyo ile roho inayofoka kaburini inatupa lawama zake kwa asiyeweza kujitetea. Miaka mia mbili na kitu baadaye washairi wakaupa mwili ulimi, nao ukajibu, wewe ndiye ulikuwa dereva.

Haya, kuchoma maiti. Hapa naenda haraka maana wosia upo na nadhani mnataka kitu cha kushika. Waliozika ni Wakristo, waliochoma kaskazini ni wapagani, na ndo maana sheria ikawa kali: Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, alipoishinda Saksonia, kaskazini mwa Ujerumani ya leo, amri zake za kwenye miaka ya 780 zinasema anayechoma mwili wa marehemu kwa desturi ya kipagani na kuigeuza mifupa kuwa majivu auawe. Auawe, siyo apigwe faini. Ila soma amri yenyewe vizuri, kwenye orodha hiyo hiyo kuna kukataa ubatizo, kuvunja makanisa na kutoa watu sadaka, kwa hiyo kilichokuwa kinawindwa ni uasi na dini ya zamani. Sioni humo hoja kwamba moto unamshinda Mungu kufufua. Hoja hiyo ilishakataliwa mapema, miili ya mashahidi wa Lyon kule Gaul mwaka 177 ilichomwa na majivu yakatupwa mto Rhône makusudi ili wasifufuke, na Wakristo waliobaki hawakusema wenzetu wamepotea. Augustino naye yuko wazi, walioliwa na wanyama, waliochomwa, waliozama, wote wanarudi, Muumba anajua kila punje ilipo. Kanisa Katoliki liliondoa katazo 1963, likabakisha sharti kwamba isiwe kwa kuukana ufufuo, na ukiangalia sharti hilo lina sauti ile ile ya Braga na mboga zao, siyo umefanya nini bali umefanya kwa sababu gani. Madhehebu mengine yana taratibu zao, muulizeni mchungaji wenu, hapo yeye ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo wanaosema ndugu yenu akichomwa hatafufuka hawana wa kumnukuu katika hawa wazee niliowataja, na wanaosema achomwe tu kwani mwili una thamani gani, hao pia hawana. Atakayeleta majivu nyumbani aulizwe mapema yatazikwa wapi, ili msije mkagombana na hilo tena.